Lacock: siku moja kwenye kijiji kisicho na nguzo za umeme

Marehemu baba alikuwa na studio ya picha Tanga, kwa hiyo mdogo wangu wa kike anayeishi Swindon aliponiuliza anitembeze wapi, sikutaja London. Nilimwambia anipeleke Lacock, kijiji cha Uingereza alikoishi mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha.

Kijiji chenyewe ni mitaa minne tu. Nyumba ni za mawe, nyingine za mbao na plasta zilizoinama kidogo, na ukitazama juu huoni waya wala antena. Ndiyo maana watu wa filamu hawakauki. Karibu nyumba zote ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale, tangu mmiliki wake, Matilda Talbot, alipozitoa mwaka 1944. Wapangaji wanaishi humo, jamani, si maonyesho! Nilimwona mtalii kabandika uso kwenye dirisha la mtu anayekula.

Chakula kilitukera. Mgahawa mmoja ulituweka karibu saa nzima, halafu pai ikaja baridi katikati.

Jumba la Lacock Abbey lilianza mwaka 1232 kama nyumba ya watawa wa kike, likafungwa enzi za mfalme Henry VIII. Watoto wanakimbilia veranda za mawe kwa sababu filamu za Harry Potter zilipigwa humo. Mimi nilipanda juu kutafuta dirisha moja dogo. Agosti 1835, William Henry Fox Talbot, yule mvumbuzi, babu yake Matilda, alilipiga picha, na ile ndiyo negativu (picha ambayo peupe huonekana peusi na peusi peupe) ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Kamera zake zilikuwa visanduku vidogo vya mbao. Mkewe aliviita mitego ya panya. Pembeni ya negativu Talbot aliandika kwamba ilipokuwa mpya uliweza kuhesabu vipande vya vioo, kama 200, kwa kutumia lenzi. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika sitini na kitu mpwa wangu akanivuta koti: "Mjomba, nina njaa tena."

Mwenye gari asirudi bila kupita Avebury, kijiji chenye duara la mawe makubwa ya kale, mwendo wa kama nusu saa. Mawe yake unayagusa kwa mkono, kondoo wanakula majani katikati. Vaeni viatu vya tope.

Usiku nikaangalia picha niliyopiga kwa simu: dirisha limeungua jeupe lote, ukuta mweusi tii. Baba asingethubutu kumkabidhi mteja.