Shambulio la moyo kwa mwenye kisukari: huduma ya hospitali za umma na za binafsi

Huduma ya shambulio la moyo hupimwa kwa dakika. Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kufanyika na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na pale penye chumba cha katheta, yaani chumba ambako mrija mwembamba hupitishwa mshipani hadi kwenye moyo, mshipa ulioziba uzibuliwe kwa puto ndani ya dakika 90. Kwa mwenye kisukari, dakika hizo mara nyingi hupotea mapokezini. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva zinazopeleka taarifa ya maumivu, hivyo mgonjwa anaweza kufika akiwa na jasho, kichefuchefu na pumzi fupi tu, bila kifua kumuuma hata kidogo. Katika hospitali ya umma yenye foleni ndefu, ambako anayeshika kifua ndiye hutangulizwa, mgonjwa wa namna hii huweza kuchukuliwa kuwa ana tatizo la tumbo na kuambiwa asubiri. Hospitali binafsi humpima mapema zaidi, na kwa hilo inastahili sifa, ingawa haidhuru kukumbuka kwamba kila kipimo huko kina ankara yake.

Sifa hiyo hupungua sana pale malipo ya awali yanapodaiwa kabla ya mlango wa chumba cha katheta kufunguliwa. Asiye na bima wala fedha taslimu hupakiwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa hospitali ya umma, huku misuli ya moyo ikiendelea kufa njiani. Sioni kasoro nyingine inayokaribia hii kwa uzito.

Hospitali nyingi za umma hazina chumba hicho, au zinacho lakini hakifanyi kazi usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ni mbadala halali kabisa ikiwa kuzibua kwa puto kutachelewa zaidi ya dakika 120, mradi itolewe ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Kinachokera ni kuona mwenye kisukari akinyimwa dawa hiyo kwa hofu kwamba macho yake yaliyoathiriwa na kisukari yatavuja damu, wakati miongozo ya tiba haihesabu ugonjwa huo wa macho kuwa kizuizi.

Hali ikishatulia, mizani hugeuka. Mwenye kisukari mara nyingi huwa na mishipa kadhaa iliyobana, na utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, uliowafuatilia wagonjwa 1,900 wa aina hiyo, ulionyesha kwamba ndani ya miaka 5 waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha njia mpya za damu walipatwa na kifo, shambulio la moyo au kiharusi kwa asilimia 18.7, dhidi ya asilimia 26.6 ya waliowekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usizibe), japo kiharusi peke yake kilikuwa kingi zaidi upande wa upasuaji. Uamuzi kama huu unahitaji daktari wa moyo na mpasuaji wakae meza moja, jambo ambalo hospitali kubwa ya umma ya kufundishia ina nafasi nzuri zaidi ya kulifanya kuliko kituo cha binafsi kinacholipwa kwa kila stenti na kisicho na mpasuaji wa moyo.

Usimamizi wa sukari wodini sina mengi ya kuusema: pande zote mbili hujitahidi kuizuia isipande mno, ila wauguzi wachache wa wodi ya umma hukosa muda wa kuipima mara kwa mara, na sukari ikishuka ghafla moyo uliojeruhiwa huumia zaidi.

Dawa za kwenda nazo nyumbani ndizo huishusha tena hospitali ya umma. Aliyewekewa stenti baada ya shambulio kwa kawaida huhitaji dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa takriban mwaka mzima; dirisha la dawa likimpa aspirini pekee na kumwambia nyingine akanunue nje, na asiweze, stenti hiyo inaweza kuziba na kumrudisha idara ya dharura akiwa katika hali mbaya kuliko ya kwanza.