Leseni ya chumba cha kushonea: uzoefu wangu na mfumo wa TAUSI

Kwa miaka mingi nilishonea barazani nyumbani kwangu bila leseni yoyote. Mwaka 2023 nilipanga fremu karibu na stendi ya daladala, nikahamishia humo vyerehani vyangu viwili na meza ya kupigia pasi, na hapo suala la leseni ya biashara likawa halikwepeki tena. Maombi ya leseni zinazotolewa na halmashauri hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, nami nimeutumia mara mbili: mara ya kwanza nikimtegemea mtu anijazie, mara ya pili kwa mkono wangu mwenyewe. Mara hizo mbili hazikufanana hata kidogo, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Leseni yenyewe haikunisumbua. Zilizonisumbua ni karatasi zinazoitangulia, na nyingine nilijisumbua mwenyewe. Kwanza nilikwenda mlango usio wangu. Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, leseni za kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na zile za kundi B hutolewa na halmashauri. Fundi cherehani ni wa kundi B. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeingia kwa BRELA kusajili jina la biashara, nilidhani na leseni hupatikana hukohuko, nikapoteza siku nzima nikitafuta biashara yangu mahali isipokuwepo. Na hilo jina lenyewe si lazima kwa anayefanya biashara kwa jina lake halisi. Nililisajili kwa sababu nilitaka kibao changu kisomeke vizuri, basi.

Kisha ikaja TIN, yaani namba ya mlipakodi. Nilikuwa nayo tangu nilipoomba leseni ya udereva, nikajiona niko mbele ya wenzangu, kumbe ile ilikuwa TIN isiyo ya biashara. Mtu hupewa namba moja tu maishani, kwa hiyo hakuna kuomba nyingine. Nilikwenda ofisi ya kodi wakaibadilisha iwe ya biashara, wakanifanyia makadirio ya kodi, na baada ya hapo ndipo nikapata hati ya kutodaiwa kodi. Kwenye makadirio nilijifunza thamani ya daftari. Kwa viwango vya mwaka ule, mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7 kwa mwaka, kama hatunzi kumbukumbu, alilipa shilingi 100,000. Anayezitunza alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 6 hiyo ni shilingi 60,000. Tangu siku ile naandika hata suruali ya kupunguza.

Mkataba wa pango ndio ulionichelewesha kuliko vyote. Kodi ya fremu ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka, na juu yake kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao ni shilingi 12,000, na kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo ni shilingi 120,000. Hiyo ya zuio ni kodi ya mwenye nyumba: mpangaji huikata kwenye pango, akaiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa niaba yake. Nilipomweleza hivyo mzee wangu wa fremu alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, mimi pango langu ni laki moja kamili. Hayo mengine ni ya kwako na serikali.” Siku ya pili akaniletea wazo la kuandika 50,000 kwenye mkataba ili sote tupumue. Sitaficha kwamba nilishawishika. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimemlipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kama tungekosana katikati ya mwaka, karatasi ingesema nilimpa laki sita tu. Tulizungumza mara tatu, mara ya tatu mkewe akiwepo, na yeye ndiye aliyeamua tugawane zuio nusu kwa nusu. Huko mtaani wapangaji wengi hulibeba lote peke yao na kunyamaza.

Karatasi zilipotimia, nilifanya kosa lililonigharimu kuliko yote. Nilimwendea kijana mmoja wa duka la stationari anijazie maombi. Kuskani na kuchapa si vibaya kumlipa mtu, na bei yake ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba alipofungua akaunti aliweka namba yake ya simu na barua pepe yake, ili, kama alivyosema, nisisumbuke na ujumbe wa uthibitisho. Nilimshukuru. Namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mtaani tunaiita kontroo namba, ikatoka, nikalipa kwa simu, na siku chache baadaye leseni ikawa ukutani ndani ya fremu ya kioo, mahali pa wazi kama sheria inavyotaka. Ilikuwa mwezi Machi.

Leseni hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Mimi nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba inakwisha tarehe 30 Juni pamoja na mwaka wa fedha wa halmashauri, na tarehe iliyoandikwa nilikuwa nikiipita kila siku bila kuisoma. Mei 2024 akaingia afisa biashara, binti mdogo mwenye adabu, akaniamkia, akainamia ukutani. “Mama, leseni hii imeisha tangu Machi,” akasema. Kisha akageukia kamba niliyotundika vitenge. “Na hivi, ni vya wateja au unauza?” Kila kitenge kilikuwa na kikaratasi cha bei kilichobanwa kwa pini, kwa mwandiko wangu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kutunga jibu. Akanieleza kwamba leseni ya ushonaji ni ya ushonaji, na kuuza vitambaa ni biashara nyingine inayotakiwa kuombewa leseni yake, kama ambavyo ningefungua fremu ya pili mtaa wa pili ningehitaji leseni ya huko.

Nililipa adhabu ya kuchelewa. Hilo niliona ni haki. Lakini nilipotaka kuhuisha, akaunti haikufunguka bila ujumbe uliokwenda kwenye simu ya yule kijana, naye alikuwa amekwisha kuhama na namba yake haipatikani. Ilinibidi nipange foleni na kitambulisho changu cha NIDA ili nisaidiwe kuingiza namba yangu, jambo ambalo lingechukua dakika moja siku ya kwanza kama ningeishika simu yangu mwenyewe.

Baada ya hapo nilijaza kila kitu kwa simu, usiku, watoto wakiwa wamelala. Taarifa za TIN zililingana na za kitambulisho, anwani ya fremu ililingana na ya mkataba, na safari hii nikaomba leseni mbili, ya kushona na ya kuuza vitambaa. Kontroo namba zilitoka, nikalipa, na siku ya tatu ya kazi nikachapa leseni zote mbili. Kwa sehemu yake, mfumo umenifaa kuliko nilivyotarajia, na kwa mtu mwenye karatasi zilizonyooka sioni sababu ya kumlipa wakala. Ninachotamani ni maelezo ya aina za biashara yaandikwe kwa lugha ya mafundi na wachuuzi, maana kuchagua kundi sahihi la vitambaa kulinichukua muda kuliko kujaza fomu nzima.

Yule binti amepita tena mwaka huu. Alisoma tarehe kwenye leseni ya kwanza, akasoma ya pili, akauliza bei ya doti moja ya kitenge cha buluu, akasema ni ghali, akaenda fremu ya jirani.