Jaketi la jinzi lililonikaa: nilianza na mabega

Nina mabega mapana, nyonga pana na kiwiliwili kifupi. Mwenye umbo kama langu anaijua kero yenyewe: jaketi likikubali mabegani linapwaya kiunoni, likishika kiuno halifungi kifuani. Hili nililo nalo sasa limenikaa barabara, na karibu kila siku niko nalo.

Saizi niliichagua kwa kuangalia bega, si kifua. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Fundi anaweza kupunguza ubavuni au kufupisha mikono, lakini kuhamisha bega la jinzi, na ile mishono yake ya kulaliana, ni kazi ngumu na mara nyingi huonekana. Ukilijaribu, vaa sweta ndani, funga vifungo vyote, kisha jikumbatie. Mgongo ukikaza, lirudishe.

Urefu nao uangaliwe sana. Langu linaishia juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Lingeshuka hadi nyonga zinapotanuka, pindo lingechora mstari palepale na kuzidisha upana. Mkato ni ule walioutoa Levi's, kampuni ya nguo za jinzi ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960: kutoka mifuko ya kifuani mishono inashuka ikikaribiana kuelekea kiunoni, mfano wa herufi V. Kwangu hapo ndipo penye uzuri wote. Jicho linafuata mishono hadi kiunoni, mabega hayatawali tena. Vifungo vya kando ya mkanda vinamalizia kazi ya kubana.

Kitambaa ni pamba asilimia 100. Mwanzoni kilikuwa kigumu, viwiko vilikunjika kwa shida. Sasa kimelainika na kushika mikunjo yangu mwenyewe. Majaketi yenye elastini kidogo, yaani nyuzi zinazovutika, ni mepesi kuvaa tangu siku ya kwanza, ila kwa macho yangu hayazeeki vizuri hivi. Sipendi mbwembwe, kwa hiyo yaliyochanwa na yenye viraka niliyapita, nikachukua la nili, ile buluu ya jinzi, iliyokolea. Linakwenda na gauni, linakwenda na suruali nyeusi.

Dosari yake ni rangi. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hushika nili kwa nje, kiini hubaki cheupe. Ikisuguliwa inatoka, na mkoba wangu mweupe umeingia ubuluu. Kwa sasa nabeba mkoba mweusi, na jaketi nalifua kwa nadra, peke yake, nikiligeuza ndani nje kwenye maji baridi, kisha nalianika kivulini.