Kuta mbili za bahari, nyumba moja Kunduchi: uzoefu wangu wa miaka 19

Ukuta wetu wa kwanza ulidumu miaka 11. Wa pili una miaka 7 na bado umesimama wima, ila kona yake moja inaninyima usingizi. Kila kusi ikianza kuvuma napigiwa simu na mtu mwenye kiwanja ufukweni akiuliza swali lile lile: ukuta wa bahari unakaa muda gani? Nimeona niandike yote mara moja, kwa sababu jibu la kwenye simu huwa fupi mno na watu wanaenda kuzika mamilioni mchangani.

Nyumba aliijenga marehemu baba mwaka 1988, upande wa Kunduchi, Dar es Salaam. Wakati huo watoto tulicheza mpira kati ya baraza na maji, na mpira ulikuwa haufiki baharini. Leo hiyo nafasi haipo. Mchanga wa ufukwe wetu uliletwa na mito kama Tegeta na Mbezi, na kwa miaka mingi mchanga huo umechimbwa mitoni ukaenda kujenga mji. Bahari inachukua kama kawaida yake, lakini hairudishiwi.

Mwaka 2006 tulijenga ukuta. Mita 22 kwa urefu, kimo mita 2, zege la nondo za milimita 12, shilingi milioni 11. Fundi alisifiwa na mtaa mzima, na kweli ukuta ulinyooka kama rula. Mimi nilisimama pale nikatazama wakichota mchanga wa ufukweni kukorogea zege, sikusema neno, kwa kuwa sikujua. Nondo nazo zilifungwa zikaegemea mbao za fomu bila biskuti, yaani vile vipande vidogo vya zege vya kuzitenga na mbao, kwa hiyo zege lililozifunika halikufika hata sentimita 3.

Mwaka wa tano yalitokea madoa ya rangi ya chai, yakishuka kutoka kwenye nyufa nyembamba. Tukapaka rangi. Mwaka wa nane nilichukua nyundo nikaanza kugonga hatua kwa hatua. Penye uzima palilia kavu, penye ugonjwa palilia kama mtungi mtupu. Nilipogonga kwa nguvu mahali pamoja, kipande kikubwa kama sinia kilidondoka, nikaiona nondo. Ilipowekwa ilikuwa na unene wa kidole changu cha mwisho. Sasa ilibaki kama spoku ya baiskeli, na kutu yake ikabanduka mkononi kwa tabaka, kama chapati.

Mhandisi aliyekuja baadaye ndiye aliyenifafanulia. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Chumvi hiyo hupenya taratibu kwenye vitundu vya zege mpaka inaifikia nondo, inavunja ule utando unaoikinga, kutu inaanza. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe mara kadhaa, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Na panapoharibika haraka si chini kabisa palipo na maji muda wote, kwa kuwa pale hewa ni haba. Ni pale kati, panaporushiwa maji bahari ikijaa, kisha panakaushwa na jua ikipwa. Kwetu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, kwa hiyo karibu ukuta mzima unalowa na kukauka mara mbili kwa siku. Sisi tena tulikuwa tumeshaitia chumvi ndani tangu siku ya kwanza, kwa ule mchanga.

Pamoja na hayo yote, kutu siyo iliyouangusha.

Masika ya 2017 mama aliniita nyuma ya nyumba. Chini ya kamba ya nguo ardhi ilikuwa imebonyea, umbo la sufuria. Tukajaza kifusi. Baada ya wiki mbili pakabonyea tena. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita na nyavu zake, nikamwamkia, nikamwonyesha. Akainama, akatazama mguu wa ukuta upande wa bahari, akaniambia: "Mwanangu, maji hayapigani na ukuta huu. Yanapita chini yake." Msingi wetu ulikuwa nusu mita tu ndani ya mchanga, na ule mchanga ulikuwa umeshashuka. Kila maji yakipwa, udongo wa uani ulikuwa ukinyonywa kidogo kidogo kupitia chini.

Usiku mmoja wa Agosti, bamvua na kusi kali, tulisikia kishindo kimoja tu. Asubuhi mita 8 zilikuwa zimelala kifudifudi, zimeelekea baharini. Hiyo naomba msomaji aishike. Ukuta haukusukumwa na mawimbi kuja kwetu. Ulisukumwa na udongo na maji yaliyojaa nyuma yake, maana haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji, na miguu yake ilikuwa imeshachimbwa.

Ukuta wa pili tuliujenga 2018 na kampuni yenye mhandisi wa kukaa kazini. Shilingi milioni 58 kwa mita zile zile 22. Tuliuza kiwanja cha Bunju kuupata huo mzigo, na mama alilia siku ya kusaini. Kabla ya jembe kugusa chini tulipita NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nyumba yetu iliitangulia sheria, lakini kuitangulia hakumaanishi unajenga ukuta unavyotaka.

Sehemu kubwa ya pesa haionekani. Tulichimba mita 1.6 mpaka tukagonga mwamba wa matumbawe, tukiwa tunakimbizana na maji, saa tatu za kazi kila yakipwa. Mbele ya mguu yakapangwa mawe makubwa, mengine yanabebwa na mashine peke yake, ili wimbi lichoke kabla ya kufika msingini. Nondo zilikaa kwenye biskuti za sentimita 7.5 upande wa bahari. Saruji ilikuwa ya daraja la nguvu la 42.5, mchanga wa mtoni uliooshwa, na lori moja mhandisi alilirudisha kwa kuwa mchanga ulikuwa na ladha ya chumvi. Ndiyo, aliuonja kwa ulimi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa maji ya kukorogea. Vibarua wanapenda zege laini linalotiririka, linawapunguzia kazi. Lakini maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vitundu, na vitundu ndivyo njia ya chumvi. Nilikaa na ndoo zangu nikihesabu, nikachukiwa siku nne. Zege likashindiliwa kwa vaibreta, mashine ya kulitikisa, likafunikwa magunia na kumwagiliwa maji ya bomba siku 14, nasi tukabeba maji hayo wenyewe kwa zamu.

Kila mita moja na nusu kuna bomba la kutolea maji. Nyuma yake kokoto, na nyuma ya kokoto kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu cha ziada, weka hiki kabla ya kuongeza kimo. Watu wengi niliowatembelea wameongeza kimo.

Baada ya miaka 7, hakuna doa la kutu. Nagonga kwa nyundo kila Novemba, ukuta mzima unalia kavu. Mabomba mawili yaliziba kwa mizizi, tukayazibua kwa fito. Kwa ukuta wa zege uliojengwa hivi na kutunzwa, wahandisi huzungumzia miaka 30 hadi 50, nami kwa ninavyouona wa kwangu naamini. Kwa ule wa kwanza, 11 ilikuwa bahati. Nondo za faibaglasi hazishiki kutu kabisa na ningezitaka, bei ndiyo ilinirudisha nyuma.

Kuna anayeniambia wazee walijenga kwa matumbawe na chokaa na kazi zao zipo. Ni kweli, na sababu mojawapo ni kwamba hazina chuma ndani. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 na bado ipo. Lakini hata pale bahari ilikuwa ikiula mwamba wa chini, na miaka ya karibuni umejengwa ukuta wa kuikinga ngome. Chumvi haikuwa na cha kula, mmomonyoko ukapata.

Jambo linaloniumiza ni jirani wa kaskazini, asiye na ukuta. Wimbi likigonga kwetu linarudi na nguvu zake, linazunguka kona na kuchota kwake. Amepoteza mnazi na karibu mita 4 za uwanja tangu 2018. Hakuna aliyenionya, nami nawaonya: zungumzeni na majirani mjenge pamoja, au angalau mmalizie kona kwa mawe yanayoteremka polepole, isiwe ncha kali kama yetu. Sasa mimi na jirani tumekubaliana kuchangia mawe ya kona hiyo nusu kwa nusu.

Kwenye mguu wa ukuta nimechora mistari ya rangi nyekundu, kila sentimita 10, nisome mchanga ulipofika. Katikati haujasogea. Kwenye ile kona umeshuka mistari mitatu tangu Machi. Lori la mawe linakuja Jumatatu, maji yakipwa, kabla bamvua haijarudi.