Uzoefu wangu na kliniki ya watoto Dodoma: nimonia iliyojificha nyuma ya kikohozi kikavu

Mwanangu wa miaka minne alianza kukohoa mwezi wa Julai, wakati upepo wa Dodoma unapoingiza vumbi hadi kabatini, kwa hiyo wiki nzima mama mkwe na mimi tuliulaumu upepo. Zahanati ya karibu na kwetu Nkuhungu ilimsikiliza kifua kwa haraka na kutupatia amoksilini, lakini siku ya nne kikohozi kilikuwa kikavu vilevile na usiku kilizidi. Kilichonichanganya ni kwamba homa ilikuwa ndogo na mtoto aliendelea kufukuza kuku uani, ingawa jioni alilalamikia kichwa na koo.

Kliniki binafsi tuliyoiendea baadaye naisifu kwanza kwa jambo dogo: kabla ya kuandika chochote, daktari alimkalisha mtoto mapajani mwangu, akampandisha fulana na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima huku akitazama saa. Zilikuwa 44, na kwa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia 40 ni kupumua haraka, dalili mojawapo ya nimonia. Kifua hakikuwa kikibonyea, na kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 95.

"Mama, nani mwingine pale nyumbani amekohoa?" Nikamkumbuka dada yake wa darasa la tatu, aliyekohoa wiki tatu nyuma. Daktari alieleza kuwa dalili peke yake hazithibitishi chanzo cha nimonia, ila mwendo huo wa polepole wa ugonjwa, pamoja na picha ya kifua yenye madoa mengi kuliko hali ya mtoto ilivyoonyesha, vilimfanya ashuku maikoplazima, bakteria asiye na ukuta wa seli, ilhali amoksilini huua kwa kuvuruga ukuta huohuo. Akamwandikia azithromaisini, antibiotiki isiyotegemea ukuta huo.

Lawama ninazo. Tulisubiri saa mbili kwenye benchi moja na watoto wengine wanaokohoa, na picha tuliilipia taslimu katika jengo lingine. Hata hivyo, nyuma ya risiti daktari aliniandikia dalili za kunirudisha mara moja: kifua kubonyea, kushindwa kunywa, degedege, midomo kuwa ya bluu. Risiti hiyo bado imebandikwa kwenye friji. Homa iliisha siku ya pili. Kikohozi, kama alivyotuonya, kilikaa wiki tatu zaidi.