Kapasita za pawa sapulai ya amplifaya: ipi ya kwanza, ipi ya kuiacha dukani

Kabla ya kuuliza jina la kampuni iliyotengeneza kapasita, yaani lile kopo linalotunza chaji ya umeme kwenye pawa sapulai, uliza volti. Nasema hivi kwa sababu kapasita nyingi zilizovimba kichwa ninazoletewa hazikuwa feki. Zilinunuliwa tu zikiwa na volti pungufu.

Chukua transfoma ya 25-0-25 (volti 25 kila upande, na waya wa kati ukiwa sifuri), ambayo ndiyo inayofungwa sana kwenye bodi za TDA7294, ile chipu ya amplifaya. Umeme wake ukishapita kwenye daraja la dayodi, linalougeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja (DC), kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani 25 mara 1.41, unapata volti 35. Mtu anaona 35 anakwenda kununua kapasita ya 35V. Lakini transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa, na usiku majirani wakizima vitu vyao umeme wa ukutani nao hupanda. Ukipanda kwa asilimia 10 tu, kapasita inaweza kukaa kwenye volti 40 na ushee. Nunua ya 50V. Kama boksi lina nafasi, 63V ni bora zaidi. Ya 100V haina faida hapa: utabeba kopo kubwa kwa maikrofaradi (µF, kipimo cha ukubwa wa kapasita) zile zile.

Kisha ukubwa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na kati ya kujazwa na kujazwa amplifaya inainyonya. Kukadiria volti zinazoshuka, zidisha mkondo kwa 0.01 halafu gawanya kwa ukubwa wa kapasita ukiwa kwenye faradi (4,700µF ni faradi 0.0047). Stereo ya wati 70 kila chaneli kwenye spika za omu 8, ikisukumwa hadi mwisho, huvuta wastani wa ampea 2.7 kwenye laini ya chanya, na hivyo hivyo kwenye ya hasi. Ukiweka 4,700µF, volti 5.7 zinapotea na besi inalegea. Ukiweka 10,000 zinapotea 2.7. Ukiweka 22,000, 1.2. Kwenye kazi halisi upotevu ni mdogo kidogo, lakini uwiano ni huo. Ona hatua ya kwanza inaokoa volti 3, ya pili volti 1.5 tu, nayo inakuja na bei kubwa na mshituko wa kuwasha unaochosha dayodi na kukata fyuzi. Kwa redio ya sebuleni, 10,000 kwa kila laini inatosha. Sabufa ya omu 4 ipe 20,000.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni 10,000µF ya 50V au 63V, yenye miguu mifupi ya kubana kwenye bodi, iliyoandikwa 105°C, kutoka Nichicon, Rubycon, Nippon Chemi-Con au Panasonic. Hiyo 105 ndiyo unayoilipia. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, umri wa kapasita unakuwa mara mbili. Iliyoahidiwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105, ikikaa kwenye boksi la nyuzi 65 inafika kama saa 32,000. Ya 85°C yenye ahadi ile ile inaishia saa 8,000. Kwa anayesikiliza saa nne kwa siku, hiyo ni miaka 22 dhidi ya mitano na nusu. Na ukiishi pwani, chumba chenyewe tu kina nyuzi 32 kabla hujawasha kitu.

Ya pili, na wengi wanaidharau bure: kapasita tatu za 3,300µF 50V zilizounganishwa sambamba. Jumla ni 9,900, ukinzani wa ndani unagawanyika, joto linasambaa, na zinaingia kwenye boksi fupi. Kazi yake ni kulehemu zaidi.

Ya tatu ni ya 85°C lakini halisi. Ichukue kama hela imebana, uiweke mbali na hitsinki, lile bati la kupoza chipu.

Nne, zile za muziki kama Gold Tune za Nichicon. Ni nzuri, sibishi, ila kwenye pawa sapulai sijasikia tofauti inayolingana na bei. Hela hiyo iongeze kwenye transfoma, hapo utasikia.

Tano, za mtumba. Kapasita kubwa za skrubu kutoka mashine za zamani zinafaa zikipimwa. Zile za ndani ya pawa sapulai za kompyuta, za 200V na 470µF, usizibebe: volti tele, maikrofaradi hazitoshi.

Ya mwisho kabisa ni kopo lisilo na jina lenye namba kubwa. Niliwahi kununua mbili za 10,000µF kwa bei iliyonifurahisha. Mwezi haujaisha, mvumo ukaanza. Nilipochana ganda nikakuta kapasita ndogo imekaa ndani ya kopo kubwa, nafasi iliyobaki tupu. Iliniuma, maana kazi ilikuwa ya mteja na nilimrudishia fedha.

Kwa hiyo uwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, ishike mkononi kwanza. 10,000µF ya 50V iliyo halisi huwa na unene wa milimita 25 hadi 35 na urefu wa 30 hadi 50, nayo ni nzito. Ikiwa nyembamba kama kidole, irudishe mezani. Ukiweza nenda na kipima vipuri, kwa sababu multimita nyingi haziwezi kusoma kapasita kubwa hivyo. Ikisoma 8,600 usigombane na muuzaji, kwani kapasita hizi huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Ikisoma 4,000, ondoka.

Ukiwa hapo hapo dukani ongeza rezista mbili za kilo-omu 4.7, wati 1. Moja ifunge kutoka chanya hadi waya wa kati (sifuri), nyingine kutoka hasi hadi waya huo huo wa kati, zimwage chaji ukizima. Subiri dakika tatu, pima kwa mita, ndipo uingize mkono.