Uzoefu wangu na The Good, the Bad and the Ugly: chukua toleo la dakika 161, sikiliza kwa mono

Filamu hii ya kikauboi ya mwongozaji Sergio Leone ya 1966, ya wapiga bastola watatu wanaoisaka dhahabu iliyofichwa makaburini, naipa nyota tano, lakini nyota hizo haziendi kwa kila toleo. Diski zinazouzwa zinatofautiana rangi, urefu, hata milio ya bastola, na ukichukua isiyofaa utabaki kujiuliza watu wanasifia nini.

Urefu kwanza. Toleo lililozunguka duniani kwa Kiingereza ni la dakika 161. Mwaka 2003 likatoka refu zaidi, kama dakika 179, lililorudishiwa vipande ambavyo havikuwahi kuwa na sauti ya Kiingereza. Ikabidi waigizaji wakuu Clint Eastwood na Eli Wallach warekodi upya uzeeni. Mkuu wa tatu, Lee Van Cleef, alikuwa ameshafariki tangu 1989, sauti yake ikatiwa na mtu mwingine. Matokeo yake, Tuco, anayeigizwa na Wallach, anamaliza tukio moja akiongea kwa nguvu zake zote, linalofuata anaongea kama babu. Kati ya vipande hivyo, tukio la pangoni Leone mwenyewe alikuwa amelikata, na kwa kweli alikata sawa. Toleo refu litazame mara ya pili.

Rangi nazo ziangalie. Usafishaji wa picha wa 2014 ulitia umanjano kila kitu, mbingu ya Almería, Hispania, filamu ilikopigwa, ikageuka rangi ya vumbi na nyuso zikawa kama za wagonjwa wa manjano. Matoleo ya 2017 na 2021 yamepunguza sana tatizo hilo.

Sauti ndiyo muhimu kuliko vyote. Kwenye menyu, ukiona mono (sauti ya mkondo mmoja), chagua mono. Ile ya 5.1 (ya spika za kuzunguka chumba) ina milio mipya ya risasi, mizito na ya kisasa, ambayo haikuwamo mwanzoni. Risasi za Leone zina mlio mkavu wenye mwangwi mrefu, na ukiuondoa huo umeondoa nusu ya filamu. Angalia Tuco anapoingia duka la bastola: anazifungua moja moja, anachukua mtutu wa hii na silinda ya ile, anaisogeza silinda sikioni na kuizungusha taratibu. Tik, tik, tik. Haridhiki, anabadilisha, anasikiliza tena. Wallach hakuwa mjuzi wa silaha, aliachiwa afanye anavyoona. Humo hamna muziki, na maneno ni machache, lakini kufikia mwisho unamjua Tuco kuliko ambavyo hotuba ingekueleza.

Halafu Ennio Morricone, mtunzi wa muziki. Wimbo mkuu una noti mbili zinazopokezana kama mlio wa mbweha wa jangwani, na kila mmoja wa wale watatu amepewa chake: Blondie (Eastwood) filimbi, Angel Eyes (Van Cleef) okarina, ala ndogo ya kupuliza, Tuco sauti za watu. Ukishalishika hilo, muziki unakuambia nani yuko karibu kabla hujamwona.

Upande wa TV, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, na usivute picha ili kuondoa mistari myeusi juu na chini. Leone anaweka watu kwenye kingo kabisa za fremu, ukivuta unawakata. Usishangae pia kuona chembechembe. Filamu ilipigwa kwa Techniscope, mfumo wa kupiga picha pana ambao kila picha inachukua matundu mawili ya utepe badala ya manne. Gharama ya utepe inashuka kwa nusu, lakini picha ndogo ikikuzwa, chembe zinakua nayo. Ukiweka kipunguza chembe, ngozi zinakuwa kama plastiki, na filamu hii inaishi kwa ngozi: jasho, mikunjo, ndevu zenye vumbi.

Midomo wakati mwingine haiendi na maneno. Waigizaji waliongea kila mtu lugha yake, sauti zikatiwa baadaye. Chagua Kiingereza, kwa sababu wakuu wote watatu walikuwa wakiongea hicho.

Sisi tuliozoea kwamba steringi hafi, hapa mpaka pambano la makaburini huna uhakika na lolote. Watu watatu, uwanja wa duara wa mawe, dakika kadhaa bila neno. Kamera inaanza mbali, inakuja kwenye mikono, halafu macho, na vipande vinazidi kuwa vifupi kadiri tarumbeta inavyopanda. Tazama mkono wa kulia wa Van Cleef ukielekea kwenye bastola: kidole cha kati hakina ncha. Ni kidole chake mwenyewe, na Leone hakukificha, alikisogelea.

Tangu hapo pambano la pande tatu limeigwa kila mahali, na bendi ya roki Metallica wamekuwa wakifungua matamasha yao kwa The Ecstasy of Gold, muziki wa Morricone wa filamu hii, tangu miaka ya 1980. Ushahidi mkubwa zaidi kwangu wa jinsi watu wanavyoipenda uko Burgos, Hispania, karibu na Santo Domingo de Silos. Makaburi yale yalijengwa na wanajeshi wa Hispania kwa ajili ya filamu, kisha yakaachwa yamezwe na nyasi. Kuanzia 2015 watu wa kujitolea walikwenda na majembe wakachimba, wakayakuta mawe ya ule uwanja bado yapo chini ya udongo. Misalaba ikasimamishwa upya, na waliochangia fedha wakaandikiwa majina yao juu yake.